Lori Lisilozimika Njia ya Mkongani

Mwaka wa 1971, nikiwa na miaka kumi na mmoja, baba alianguka kutoka mnazi wa watu aliokuwa akiuangua, akafa siku ya pili. Shule niliiacha darasa la tatu. Nikashona makuti, nikabeba mawe ya kujengea, nikaosha malori ya watu pale Ukunda mpaka nikajifunza kuyaendesha, na mwisho nikanunua langu. Hakuna aliyenipa. Nayasema haya ili anayesoma ajue kwamba miye si mtu wa kuogopa ovyo. Kisha nimwambie jinsi nilivyoogopa.

Lori lenyewe ni la dizeli, kuukuu. Siku moja lilikataa kuwaka. Fundi mmoja wa Ukunda, mtu wa bara, akainama kwenye pampu ya dizeli akanionyesha kidude cha chuma, unene wa vidole viwili, chenye waya mmoja kichwani.

"Mzee, hii solenoidi imekufa," akasema. "Ukifungua swichi, inafaa ivute chuma iko ndani, dizeli ipite. Ukifunga, chuma inarudi, dizeli inakatika, gari inazima. Sasa haivuti."

"Basi?"

"Basi uweke mpya. Ama niitoe hiyo chuma, gari iwake. Lakini haitazima na ufunguo. Utaizima na gia."

"Itoe."

"Ni ya leo tu, mzee."

"Weye itoe. Miye nimeanza kuendesha malori hujazaliwa."

Leo tu ikawa miezi mitatu. Nilipotaka kulizima nilitia gia ya nne, nikakanyaga breki kwa nguvu zote, nikaachia klachi. Lori likaruka mbele hatua moja, mbili, likakohoa, likafa. Watu sokoni walicheka. Nikawaambia gari hili lamjua mwenyewe. Nilijiona hodari.

Mke wangu hakuwa na habari, maana yeye lori hapandi. Alipanda siku moja tu, mwaka juzi, mwisho wa miezi hiyo mitatu. Alikuwa Mkongani akimuuguza dada yake, nami nilikuwa nimepakia maembe huko, nikampitia alasiri turudi nyumbani. Njia ile hupita kando ya msitu, na kila mtu wa kule anajua: ukikuta ndovu barabarani, zima gari, nyamaza, ngoja wapite. Kelele za gari huwatia hasira, na zaidi wakiwa na mtoto.

Tulipokata kona, walikuwa pale. Watano, na mtoto katikati yao. Hatua ishirini, hazizidi. Nikafunga breki.

"Zima gari," mke wangu akanong'ona.

Nikazungusha ufunguo. Mazoea ya mkono tu. Injini ikaendelea kutetemesha vioo kama kawaida.

"Zima, baba!"

"Halizimiki."

"Halizimiki vipi?"

"Fundi alitoa chuma cha kulizima."

"Lini?"

Ndovu mke mkubwa alikuwa amegeuka. Alitandaza masikio, akapiga hatua moja kuja kwetu, kisha nyingine. Nilitaka kurudi nyuma, lakini nyuma yangu kulikuwa na mteremko na daraja jembamba lisilo na kingo, na maembe yamepangwa mpaka juu, sioni kitu. Njia ilikuwa moja, ile ya gia. Na kwa gia lori lingemrukia yeye, mbele ya mwanawe.

Mkono wangu ulikuwa juu ya gia nami siwezi kuusukuma. Mke wangu alikuwa ameanza Ayatul Kursi, na kila akifika katikati anapotea, anaanza upya. Yeye haipotezi hata usingizini. Hapo ndipo tumbo langu lilipofunguka kwa woga. Suruali ikalowa. Naandika hivyo kwa kuwa ndivyo ilivyokuwa.

"Shika chuma hicho mbele yako," nikamwambia. "Litaruka."

"Litaruka liende wapi?"

"Shika!"

Nikatia gia ya nne, nikasimama juu ya breki, nikaachia klachi. Lori likaruka. Ndovu naye akaja. Pembe yake ikaingia taa ya kulia, nikasikia kioo kikivunjika na bati likikunjwa, na kabini nzima ya gari ikainuka upande wangu ikatua tena. Injini ikakohoa mara mbili. Ikanyamaza.

Sijawahi kusikia kimya kama kile. Mkonga ulipita juu ya kioo cha mbele, ukaacha unyevu na mchanga. Jicho lake lilikuwa usawa wa langu. Mke wangu alinifinya paja mpaka kucha zikaingia, nami sikuthubutu kumtoa mkono. Ndovu alisimama hivyo, sijui kwa muda gani. Kisha akarudi nyuma, akamsukuma mtoto kwa mkonga, wakaingia msituni mmoja mmoja.

Tukafika Kwale mjini. Pale mke wangu akauliza, "Tangu lini?"

"Miezi mitatu."

"Miezi mitatu umekuwa ukiniaga asubuhi, wenda na hili."

Asubuhi yake nilinunua solenoidi mpya. Nilimwambia muuzaji betri ni mbili, anipe ya volti ishirini na nne. Nilitoa waya wa betri, nikafuta uchafu wote kwenye pampu usije ukaingia ndani, nikafungua ile ya zamani kwa spana. Nikatia mpya na springi yake, chuma chake na mpira wake, nikakaza kwa kiasi, nikarudisha waya. Nikafungua swichi: tak. Likawaka. Mke wangu alisimama mlangoni mikono kiunoni.

"Zima."

Nikafunga ufunguo. Likazima.

"Washa. Zima tena."

Mara saba alinirudisha. Hata leo, kabla ya kuzungusha ufunguo kulizima, moyo hunisimama kidogo. Yeye hajapanda tena.

Leo nina lori hilo, taa ya kulia si ya rangi moja na ya kushoto. Nina solenoidi ya akiba chini ya kiti. Nina nyumba ya mawe ya vyumba vitano Msambweni, ekari mbili za minazi na mikorosho Kikoneni, ng'ombe wanne, mbuzi kumi na mmoja, na kisima kisichokauka.