Siku Nilipofagia Duka la Somoe

Mwanangu, kuna asubuhi moja ya kiangazi ambayo huwa naikumbuka mara nyingi kuliko siku ya harusi yangu, na mama watoto akisoma hapa atanisamehe. Ilikuwa Ufukoni, Mtwara, nami nilikuwa na miaka ishirini na saba. Nilisimama katikati ya kiwanja, fagio mkononi, nikijipongeza. Sidhani kama nimewahi kufanya kosa kwa unadhifu kama siku ile.

Nakuandikia kwa sababu vijana wa rika lako mnaombwa mara kwa mara kusaidia madarasa ya watoto wadogo, huku mjini na huko vijijini mpaka Mahurunga. Mnaonyeshwa kiwanja chenye miti miwili mitatu, mnaambiwa: tengenezeni darasa la nje. Ni kazi njema. Mimi nilianza kwa kuiharibu.

Elimu yangu ya shule iliishia darasa la saba. Useremala nilijifunza kwa kutazama mafundi na kwa kusoma vitabu vilivyochakaa, na nilitembea na daftari la vipimo popote nilipokwenda. Nadhani ni daftari hilo lililomfanya Mwalimu Zuhura aniamini. Alikuwa akifundisha kwenye baraza la nyumba yake watoto wa wavuvi, wa wauza samaki wa kukaanga, na wa akina mama wanaobangua korosho kwa kibarua. Ada ilikuwa kile mzazi alichoweza kuleta, mara nyingi bakuli la unga wa uji. Baraza lilipojaa, jirani mmoja alimwachia kiwanja cha familia: mikorosho miwili mikubwa, mwarobaini mmoja, na upande wa mashariki kichaka kilichofunikwa na mimea itambaayo ya ming'oko, ile tunayochimba mizizi yake tukachemsha na kula.

Kwa wiki mbili watoto walisomea pale juu ya mikeka wakati mimi naandaa mbao. Nilikuwa nakwenda kupima, na ndipo nilipomwona Somoe. Alikuwa na miaka mitano. Barazani hakuwahi kutamka neno mbele ya wenzake, hata Mwalimu Zuhura akaanza kushuku kwamba hasikii vizuri. Lakini ndani ya kile kichaka alikuwa amefungua duka. Majani makavu ya mkorosho yalikuwa samaki, mbegu za mwarobaini zilikuwa mchele, na kipande cha gome kilikuwa mizani. Nilimsikia akihesabu samaki wake kwa sauti ya chini, mmoja baada ya mwingine, bila kukosea. Nilimsikia kwa masikio yangu, mwanangu. Kisha nikaandika daftarini: "Kichaka, hatua nne kwa tatu, kiondolewe."

Uelewe nilikotoka. Mimi ni mtoto wa mkulima wa korosho. Kwetu, kabla korosho hazijaanza kudondoka, unapalilia na kufagia chini ya kila mkorosho mpaka mchanga ubaki mtupu, ili korosho ikianguka uione. Mwenye shamba lililojaa majani husemwa msikitini na sokoni. Kwa hiyo nilipojiuliza mahali pazuri pa watoto panafananaje, jibu langu lilikuwa chini ya mkorosho uliofagiliwa. Niliogopa pia nyoka, na hofu hiyo haikuwa ya kipuuzi.

Nilifanya kazi siku tatu. Nilifyeka, nikang'oa kichaka kwa jembe, nikakusanya majani yote nikayachoma. Nikapanga mabenchi ya mbao za mnazi safu nne, zimenyooshwa kwa kamba. Wazazi waliopita walisifu. Mmoja alisema, "Hapa sasa panafanana na shule." Nililala vizuri.

Jumatatu watoto walikuja. Somoe alikwenda moja kwa moja upande wa mashariki, akasimama mahali kilipokuwa kichaka. Hakulia. Alisukuma mchanga kwa kidole cha mguu, akatazama huku na huku kama mtu aliyekosea nyumba, kisha akarudi kwao huku Mwalimu Zuhura akimwita. Ilipofika saa nne mchanga ulikuwa umeshapata moto, na watoto walionyooshwa kwenye safu zangu walikuwa wakinyanyua nyayo kwa zamu. Majani yaliyokuwa yakiupoza nilikuwa nimeyachoma mwenyewe.

Siku ya tatu mama yake Somoe alikuja peke yake. Alisema kwa upole kwamba binti amekataa kabisa, na kwamba kuanzia Jumatatu atakwenda naye kibaruani.

"Atakaa karibu yangu mpaka afikishe umri wa darasa la kwanza," alisema. "Nifanyeje, Mwalimu? Siwezi kumwacha nyumbani peke yake."

Sote tulitazama vidole vyake. Mafuta ya ganda la korosho yalikuwa yameviunguza na kuvitia weusi usiotoka kwa sabuni. Mtoto akikaa pale siku nzima, hakai bure. Mwisho naye huingiza mikono.

Alipoondoka, Bibi Zainabu, aliyekuwa akiwapikia watoto uji, aliweka mwiko chini na kunigeukia.

"Fundi, kafa nani hapa?"

"Hajafa mtu, bibi."

"Mbona umepafagia kama tunangoja watu wa matanga?"

Watoto wakacheka. Mimi sikucheka. Nilimweleza habari ya nyoka, ya usafi, ya vipimo. Alinisikiliza mpaka mwisho, jambo lililonipa matumaini ya bure.

"Sawa. Korosho zimeanza kudondoka?"

"Bado, bibi."

"Basi ulikuwa unafagilia nini? Ntoto si korosho, fundi, umfagilie chini umwone akianguka. Yule alikuwa na duka lake. Umempiga bomoabomoa, wala hukumpa notisi."

"Sikujua, bibi."

"Ulijua. Uliniambia mwenyewe kwamba anahesabu vizuri."

Nilikuwa nimemwambia kweli. Nilikuwa nimelisimulia jambo hilo kama kichekesho. Nikamwuliza nifanye nini sasa, naye akaokota mwiko wake. "Mimi napika uji. Mwenye duka yuko Magomeni, kamwulize."

Jumamosi asubuhi nilikwenda Magomeni, mtaa wa hapa hapa Mtwara. Mama Somoe alinikaribisha uani, akanipa kigoda, akaendelea kupepeta mchele. Binti alikaa nyuma ya mama yake na kunitazama kama unavyomtazama mgambo. Nilimwomba radhi. Nilimwuliza duka lilikuwa na nini, hakujibu. Nilikuwa sina njia nyingine, nikafanya nilichozoea: nilichora kiwanja mchangani kwa kijiti, nikaweka mawe mawili kuwa mikorosho na la tatu kuwa mwarobaini, nikaanza kujisemea vipimo. Kwa wasiwasi niliokuwa nao, mwarobaini nikauweka upande usio wake.

Mkono mdogo ukatokea, ukalichukua lile jiwe.

"Siyo hapo," akasema Somoe, akaliweka mahali pake. Mama yake akaacha kupepeta.

Nilimwuliza mlango wa duka ulitazama wapi. Akachora. Wateja walipita wapi? Akachora. Kivuli kilikuwa wapi uji ulipoiva? Akaniwekea jani. Nilikuwa nimepima kiwanja kile mara nne, na nilikuwa sijui hata nusu ya alichokijua mtoto yule. Nilinakili mchoro wake daftarini, mstari kwa mstari, naye alisimama begani kwangu akikagua. Nilipomaliza nilimwambia kwamba nahitaji mtu wa kunisimamia kazi. Akamtazama mama yake. Mama akasema, "Wiki moja tu, tuone."

Wiki ile nilifanya kazi chini ya msimamizi. Niliwaomba majirani majani waliyotaka kuyachoma, nikayarudisha kwa magunia. Somoe alisimamia umwagaji. Mabenchi niliyakata yakawa mafupi, ya kubebwa na watoto wawili, kisha nikasimika vijiti kuonyesha kivuli kinafika wapi saa mbili, saa tatu na saa nne, ili darasa lihame nacho. Duka nililijenga kwa fito na makuti, mlango ukitazama alikotaka mwenyewe. Nyoka sikumsahau: niliacha njia pana iliyo wazi, na kila asubuhi mtu mzima alipitisha fimbo kwanza. Korosho zilipoanza kudondoka, Bibi Zainabu aliziokota zote kabla ya watoto kufika, kwa sababu utomvu wa ganda bichi unaunguza midomo.

Siku ya Ijumaa Bibi Zainabu alikwenda dukani kama mteja. Darasa zima lilikuwa karibu likisubiri uji.

"Mama muuzaji, nipe samaki changu sita."

Somoe akampa majani. Bibi akayapekua, akakunja uso.

"Mbona watano? Unanipunja, mwanamke wewe!"

Somoe akayachukua tena. Akayalaza mchangani moja moja, akahesabu kwa sauti iliyofika mpaka kwenye benchi la mwisho, mmoja hadi sita. Kisha akamrudishia.

"Sita, bibi. Macho yako tu."

Mwalimu Zuhura aligeukia mwarobaini, akajifanya anakagua gome lake. Jumatatu iliyofuata Somoe alikuja darasani, siyo kibaruani. Na mvua zilipoanza, ming'oko niliyodhani nimeimaliza ilichipua kutoka kwenye mizizi niliyoisahau, ikapanda juu ya fito zangu, ikalifunika duka.

Nasaha yangu, mwanangu, ni hii. Ukipewa mahali uwatengenezee watoto, usianze na panga. Kaa kwanza, siku kadhaa, utazame wanakwenda wapi wenyewe, wanaokota nini, nani anasema akiwa wapi. Yaandike hayo kabla ya vipimo. Kilicho na hatari kiondoe, na ujue kwa nini unakiondoa. Kilichobaki, ambacho kwako ni uchafu tu, waulize wao, maana huenda ni duka la mtu. Usifikiri kwamba mtoto wa mbangua korosho atafurahia chochote utakachompa kwa sababu kwao hawana kitu. Na ukishakosea, kama mimi, beba kigoda chako uende kwao, ukae chini kuliko yeye, umwombe akuonyeshe.

Mwenyezi Mungu akutangulize kuona kabla ya kufyeka. Akujalie Bibi Zainabu wako wa kukusema usoni, na moyo wa kumsikiliza mapema, uji wake ukiwa bado jikoni. Na watoto utakaowajengea, akupe umri wa kuwasikia wakihesabu kwa sauti. Amina.