Baraza ya Nyumba ya Theluji

Watoto wa darasa la maandalizi hawaijui ramani, lakini karatasi wanaijua. Kwa hiyo mimi, katika skuli yetu ndogo ya Mji Mkongwe, dunia naifundisha kwa karatasi ngumu za manila, mkasi na gundi ninayoipika mwenyewe kwa unga wa ngano. Tulishakata taa za Wachina na kukunja ndege wa Wajapani. Mwaka jana nikasema tutengeneze nyumba: hema la duara la wafugaji wa Mongolia, nyumba ya Kijapani yenye kuta za karatasi, na nyumba ya theluji ya wawindaji wa kaskazini ya mbali.

Hizo kuta za karatasi zilizua kesi. "Mvua ya masika ikija je, mwalimu?" mmoja aliuliza. Nikasema labda wana mapaa makubwa. Hawakuridhika, lakini walikata.

Nilipopita kukagua, nikaona kila nyumba ina ukanda wa karatasi umebandikwa mbele, pembeni mwa mlango. Hema la Mongolia lina baraza. Nyumba ya Kijapani ina baraza mbili, kulia na kushoto. Hawa ni watoto wa vichochoro vya mji; nyumba isiyo na baraza ya mawe ya kukalia nje, kwao bado haijamalizwa kujengwa. Leo nikikumbuka nacheka peke yangu. Siku ile sikucheka.

Kesho yake wazazi walikuwa waje kutazama kazi za watoto wao, nami nilitaka kila kitu kiwe sawasawa. Tena nina hasira za haraka, najijua. Nikachukua nyumba ya theluji ya msichana mmoja wa miaka mitano, nikaibandua baraza yake kwa kucha, nikasema kwa sauti, "Kule hapana baraza! Barafu tu!"

Wenzake wakabandua zao wenyewe.

Katika darasa zima, huyo ndiye ambaye sikupaswa kabisa kumkaripia. Skuli yake ya kwanza walimfokea, akagoma kwenda muhula mzima. Mama yake alipomleta kwangu aliniambia, "Mwalimu, akigoma tena sijui ntafanyaje. Mwakani darasa la kwanza." Nikamwahidi kwamba kwangu hatasikia ukali. Na kweli alichanua, akawa msemaji kuliko wote. Sasa alinitazama tu, halii, hasemi. Alifunga kibegi chake mapema, akakaa nacho mapajani mpaka kengele.

Kesho yake hakuja. Kesho kutwa hakuja. Wazazi walisifu maonyesho, mimi sikusikia kitu. Nilimpenda mtoto yule, na nilikuwa nimevunja ahadi kwa ajili ya kipande cha manila.

Siku ya tatu, skuli ilipotoka mchana, nikatia ile nyumba yake mkobani pamoja na mabaki ya karatasi, mkasi na kikopo cha gundi, nikaenda kwao Mkunazini. Nikapiga hodi. Akatokea bibi yake.

"Shikamoo, Bi."

"Marahaba, mwalimu. Mama yake yuko kazini. Mwenyewe yumo humu ukumbini, kasema hataki kukuona." Aliona haya kunirudisha. "Kaa hapo barazani kwanza, nkamwambie."

Nikakaa. Kichochoroni jua lilikuwa kali, lakini pale barazani, chini ya kipaa chake, palikuwa na kivuli. Jirani mmoja akapita, akaniuliza nangoja nini. Nikamwambia nimekuja kuomba radhi. Akaitikia kwa kichwa, akaendelea na safari yake.

Baada ya muda mrefu mlango ukafunguka kidogo, nikaona jicho moja.

"Mwalimu, bado upo?"

"Nipo, mwanangu. Nimekukosea. Nisamehe."

Akaniangalia nilivyokaa, akauliza, "Na kama kwetu hapana baraza, ungekaa wapi?"

"Ningesimama."

"Juani?"

"Juani."

"Ungechoka, ukenda zako."

Nilitaka kukataa, nikashindwa kumdanganya. "Pengine ningekwenda zangu," nikasema.

Akatoka, akakaa karibu yangu. Nilimpa nyumba yake na ule ukanda nilioubandua, maana sikuweza kuutupa. Akaupaka gundi, akaubonyeza kwa kidole gumba. Halafu akadai karatasi nyekundu na nyeupe, akasuka kijimkeka kama nilivyowafundisha, akakitandika juu ya baraza.

"Barafu inapoza matako," akanieleza, kwa upole, kama mtu anayemwelekeza mgeni.

"Adabu!" bibi yake akaita kutoka ndani, lakini nilimsikia anacheka. Mimi nilikuwa nacheka na kulia kwa pamoja.

Asubuhi iliyofuata alinitangulia skuli. Nilimkuta nje na mama yake, nyumba ya theluji mikononi, pamoja na wazazi wengine wawili waliowahi kama wao. Wote walikuwa wamesimama juani, kwa sababu skuli yetu, na miaka yote hiyo sikuwahi kuliona jambo hilo, haina baraza.