Kuliombea Taifa Jikoni kwa Mama Mkwe

Mama mkwe wangu aliiombea Tanzania kila asubuhi kabla hatujanywa uji. Tulikuwa watatu katika nyumba ile ya Kikatiti: yeye, mwanawe aliyenioa, na mimi. Siku nzima alizungumza Kimeru, lakini sala hiyo aliisali kwa Kiswahili, ili mimi niliyetoka Singida nisikose hata neno moja.

Alianza vizuri. Alimshukuru Mungu kwa amani, akamwombea Rais, askari wa mipakani, walimu na madaktari. Kisha sauti ilishuka.

"Tunakushukuru kwa nchi yenye rutuba, Bwana. Mahindi yanazaa. Migomba inazaa. Hata yule ng'ombe mzee amezaa. Wewe unamjua aliye humu ndani, anayekula chakula cha nchi hii bila kuiongezea hata mtu mmoja."

"Amina," alisema mume wangu.

Na mimi nilisema amina. Kisha niliinuka nikammiminia mama mkwe uji, nikampa kwa mikono miwili.

Miaka sita ilipita hivyo. Tulikwenda hospitali mara mbili, na mara zote mbili daktari alisema sina tatizo, mume wangu naye aje apimwe. Hakwenda. Siku moja nilimwambia mama mkwe alichosema daktari. Kesho yake alimshukuru Mungu kwa kutupatia nchi ambayo wanawake wake wanajua kunyamaza.

Halafu akapata kiharusi. Alianguka zizini, na aliporudi kutoka hospitali upande wa kulia ulikuwa umepooza na maneno yalikuwa yameisha. Akili ilibaki nzima. Ukimwita aligeuka, ukimchekesha jicho lilicheka. Kumwogesha, kumlisha na kumbadilisha nguo ikawa kazi yangu, maana mume wangu alikuwa na banda la kuuzia mbao mjini, Kwa Mrombo, na aliondoka alfajiri.

Jumamosi ya kwanza akina mama wa jumuiya walikuja kumwona. Mmoja wao, jirani yetu, akaniambia, "Mama wa nyumba hii alikuwa haachi kuliombea taifa. Sasa ni wewe, mwanangu. Tuongoze."

Nilifumba macho. Nilimshukuru Mungu kwa amani. Nikamwombea Rais na askari wa mipakani. Kisha sauti yangu nayo ikashuka, bila hata kuilazimisha.

"Tunakushukuru kwa nchi ambayo watu wake wanaweza kusema, Bwana. Hata mtoto wa miaka miwili anasema. Wahurumie wote waliotumia ndimi zao vibaya, ukazifunga. Wape viongozi wetu unyenyekevu, wasije wakafika mahali pa kuoshwa kama watoto na watu waliowadharau."

"Amina!" akina mama wakaitikia.

Nilifumbua macho. Mama mkwe alikuwa ananitazama, na machozi yanamtoka. Jirani akasema, "Mwoneni, Roho amemgusa." Nilichukua kitambaa nikamfuta, kwa nguvu kuliko ilivyohitajika.

Tangu siku hiyo nilisali hivyo kila asubuhi, sisi wawili tu, bakuli la uji likipoa mkononi mwangu. Ningesema sikufurahia, ningekuwa mwongo. Nililala nikitunga maneno ya kesho.

Siku moja mume wangu alisahau simu akarudi nyumbani. Alinikuta katikati ya sala, akasimama mlangoni mpaka nikafika mwisho.

"Unamfanyia hivi mama yangu?"

"Ni sala ya taifa."

"Mtu hajiwezi! Wewe ni mtu gani?"

"Alinifanyia miaka sita," nilimwambia. "Ulikuwepo. Ulikuwa unasema amina."

Alininyang'anya bakuli akaketi kitandani, akaanza kumlisha mwenyewe. Uji ulimwagikia kifuani mwa mama yake. Hakunitazama.

Alipokwisha kuondoka nilipiga magoti kando ya kitanda. Nikasema, "Mama, nisamehe." Alikuwa anasikia vizuri. Nilimshika ule mkono mzima. Aliuvuta akauficha chini ya shuka, akageuzia uso ukutani. Sikuomba msamaha tena, na sala ile nikaiacha. Tukaishi kimya, nikimwogesha na kumlisha, mpaka alipofariki wakati wa masika.

Kwenye mazishi mchungaji alisema marehemu aliibeba nchi hii kwa magoti yake, na kwamba Mungu alimpa mkwe wa kufanana naye. Watu waligeuka kunitazama. Wengine walinipungia mkono. Mume wangu alikuwa anaangalia viatu vyake.

Baada ya arobaini, yule jirani alikuja kuniuliza kama ningekubali kuchukua nafasi ya marehemu katika kikundi cha kuliombea taifa.

"Hakuna mwingine anayesali kama wewe," alisema.

Nilimkaribisha chai, nikakubali.