Mashavu ya Bibi Mpuliza Pembe

Naanza kwa kukiri, maana hata nisipokiri kijiji kizima kinajua na wengine wanasimulia vizuri kuliko mimi: ni mimi, nikiwa na akili zangu timamu, tena nimeshakunywa chai, niliyepuliza pembe ya ndiva asubuhi kweupe kwa ajili ya katuni. Ndiyo, katuni. Cheka kwanza umalize, halafu tuendelee.

Mimi ni mtu wa nyumbani. Wenzangu niliomaliza nao kidato cha nne, wengine wako Same mjini wanauza vitenge na simu, mmoja alishuka bwawa la Nyumba ya Mungu kwenye biashara ya samaki na sasa ananukia hela (na samaki), mimi nikabaki huku juu mlimani kwa mama, na ukiniuliza kwa nini nitakwambia ninamsaidia mama, na ukimuuliza mama atakuuliza anasaidiwa nini. Kazi yangu ni kuchora. Nachora kwa peni, napiga picha kwa simu, natuma kwenye grupu la darasa letu, wanacheka, naridhika, nalala.

Sasa mwaka huu nikaanza kitu kikubwa, hadithi ndefu ya picha kuhusu Same ya miaka mingi ijayo, wakati ambao bodaboda zinaruka na anayetoka mjini kuja huku juu hahangaiki tena na makona, anapaa tu, mvua inatoka kwenye mtambo mmoja mkubwa, mashine zinapika, zinafua, mpaka zinaitikia marahaba, na mambo yote ya kale yameshasahaulika. Halafu siku moja mtambo unazimika, nchi inakauka, na hapo ndipo uchawi unaporudi. Unarudije? Bibi mmoja, wa mwisho anayekumbuka, anapanda hadi kwenye ndiva iliyokauka, anapuliza pembe mara tatu, na mawe yanaamka. Nilipofika hapo nilijipigia makofi mwenyewe chumbani.

Tatizo likawa mashavu. Bibi nilimchora vizuri, mikunjo yote, kanga yote, lakini kila nikimchora anapuliza anatoka kama mtu mwenye jino bovu pande zote mbili. Nikaona bila kuiona pembe yenyewe kwa karibu sitafika.

Kwa msiotoka huku: ndiva ni bwawa letu la kuchimba, linajaa usiku kwa maji ya mfereji, asubuhi linafunguliwa na maji yanakwenda shambani kwa mwenye zamu. Pembe ndiyo sauti ya ndiva. Ikilia mara moja kwa kirefu, huo ni msaragambo, kazi ya wote, toka na jembe lako. Ikilia mara tatu kwa mkato, ukuta unataka kupasuka, acha ulichoshika ukimbie, na wa kwanza kufika ang'oe mti wa kuzibia, maji yatoke kabla ukuta haujaondoka na nyumba za watu wa chini. Hamsubiri mtu, haulizi. Hilo hata mtoto analijua. Hata mimi nilikuwa nalijua, na hapo ndipo aibu yangu inapoanzia.

Pembe inakaa kwa Mzee Eliewaha, msimamizi wa ndiva, nyumba ya tatu kutoka kwetu. Nikaenda jioni, mpole kama kondoo.

"Shikamoo babu."

"Marahaba. Umekuja kuomba nini?"

"Pembe, babu. Niichore tu, kesho asubuhi nairudisha."

Akaniangalia. "Unachora kwa macho au kwa mdomo?"

"Kwa macho, babu."

"Basi mdomo usiuhusishe."

Nikaapa. Niliapa kweli, tena nikiwa nimeinamisha kichwa, na ningependa mjue kwamba wakati ule nilikuwa namaanisha.

Asubuhi nikaichora pembe, pembe ya tandala ya zamani, imechakaa na kung'aa pale inaposhikwa, ikatoka safi kabisa. Mashavu yakagoma. Nikasimama mbele ya kioo nikayajaza upepo bila pembe, si yenyewe. Nikaiweka pembe mdomoni bila kupuliza (hapo kiapo kilikuwa bado kinapumua), si yenyewe. Nikasema basi nipulize kidogo, pumzi ya kupozea uji. Ikatoa sauti ya ndama aliyevimbiwa. Nikajiona niko salama, kumbe hii kitu haiwezi hata kulia, na kwa vile chumbani ni giza nikatoka nayo nyuma ya nyumba kwenye mwanga, simu nikaiegemeza kwenye jiwe inirekodi, mama alikuwa ameenda mashineni kusaga, makande yako motoni, dunia imetulia.

Sasa nyuma ya nyumba yetu ni bonde, na ng'ambo ya bonde ni jabali, ukikohoa hapo jabali linakohoa na wewe. Nilikuwa nalijua hilo pia. Msiniulize.

Nikavuta pumzi, nikakaza midomo, nikapuliza, na pembe ikashika. Jamani, ile sauti! Ilitoka mpaka mimi mwenyewe nywele zikasimama, na badala ya kuitupa pembe chini kama mtu mwenye akili, nikafurahi, nikawa si mimi tena, nikawa Bibi, na Bibi kwenye hadithi anapuliza mara tatu, kwa hiyo nikaongeza ya pili, nikaongeza ya tatu, kwa mkato, safi, jabali likazirudia zote.

Halafu huko chini mtu akapiga ukelele, "Ndivaaa!" Mwingine akapokea, "Ndiva inaondokaaa!" Na miguu. Hamjawahi kusikia miguu ya kijiji kizima.

Hapo ndipo ningesimama juu ya jiwe nipige kelele kwamba ni mimi, rudini, ni katuni. Ningeaibika kwa watu watano na yakaisha. Lakini nilichofanya, nikaifunga pembe kwenye kanga, nikaibeba mgongoni, nikakwapua simu, nikaruka ua na kuungana na wanaokimbia. Tena siyo kukimbia tu, nilikuwa nauliza kwa sauti kuliko wote, "Jamani, kuna nini? Kuna nini jamani?" Watu walitoka na majembe, sururu, karai, mama mmoja alikimbia na mwiko mkononi, wanakwaya wa kanisani waliokuwa wanafanya mazoezi walikuja bado wamepanga sauti, soprano mbele, besi nyuma.

Wa kwanza kufika alikuwa Sifaeli wa bodaboda. Aliitupa pikipiki, akaingia majini na suruali yake mpya, akaukumbatia mti wa kuzibia, akaung'oa. Maji yakatoka kwa kishindo. Watu wakamshangilia. Mimi pia nilipiga makofi (Mungu anisamehe).

Aliyekuwa hapigi makofi ni Mama Naetwe. Mama Naetwe ni jirani yetu wa ukutani, na ile ilikuwa zamu yake. Zamu yake iliyopita ilipotea kwa sababu siku hiyo kulikuwa na msiba na hatukufungua maji, kwa hiyo maharage yake yalikuwa yamekaa na kiu muda mrefu, na sasa yametoa maua, na maharage yakiwa kwenye maua hayabembelezi: yanywe, au maua yaanguke. Shamba lile ndilo mboga yake na mbegu yake. Alikuwa hajafungua hata mfereji wa kwake, anamalizia uji ndipo atoke, akasikia pembe. Sasa maji yalikuwa yanapita mbele yake yanakwenda korongoni kwa kasi. Hakupiga kelele. Alisema tu, "Hayo ni maji yangu," akakaa chini kwenye nyasi.

Mzee Eliewaha akafika mwisho, anahema, akauzunguka ukuta wote, anagonga kwa fimbo, anainama, anagonga.

"Ufa uko wapi?"

Watu wakainama nao, wakautafuta.

"Nani kauona ufa?"

Wakaangaliana.

"Basi nani kapuliza pembe, maana pembe mimi nilimpa..." Akaanza kunitafuta kwa macho, na mimi nikaanza kurudi nyuma polepole, ndipo Sifaeli, anakamua suruali, akasema, "Nakunda, huyo mtoto mgongoni umejifungua lini?"

Kanga ikafunguliwa. Pembe ikatoka. Mtu mwingine akaongeza, "Mwangalieni mdomo," na kweli, midomo yangu ilikuwa imebaki na duara jekundu, kama muhuri wa ofisi ya kata.

Nikaanza kueleza. Jaribuni siku moja kuwaeleza watu wenye majembe mkononi kwamba kuna nchi ya baadaye, mtambo umezimika, uchawi unarudi, na kwa hiyo ilibidi. Mzee mmoja wa kanisa akaniuliza kwa upole kabisa, "Uchawi unarudi? Kwani ulikuwa umeenda wapi?" Simu ikanyang'anywa, ikaanza kuzunguka mkono kwa mkono. "Hizi bodaboda mbona zinaruka?" "Lami ilikuwa haijafika." "Hata miaka hiyo?" "Hata miaka hiyo." Watu wakaguna kwa uchungu, wameniamini. Halafu mtu akagusa pasipotakiwa, ikafunguka ile video niliyojirekodi, mimi na mashavu yangu, macho yamenitoka kama chura aliyekanyagwa, na hapo kijiji kikalala chini kwa kicheko. Besi wa kwaya alilia machozi.

Mama Naetwe hakucheka. Alikuwa bado anaangalia tope la ndiva tupu.

Na sisi Wapare mnatujua, kesi kwetu ni kama makande, hatulali bila kuonja. Papo hapo likakaa baraza: kosa ni la aliyepuliza, au la aliyeazimisha, au la aliyeng'oa mti kabla ya kuangalia ufa? Sifaeli akajitetea kwa kuonyesha suruali. Mzee Eliewaha akajitetea kwa kiapo changu. Hoja zilikuwa tamu, wengine wakaanza kutoa mifano ya wakati wa babu zao, mpaka Mama Naetwe akasimama.

"Kesi nzuri, endeleeni," alisema. "Ila maharage yangu hayakuja barazani. Yako kule, yanakufa."

Ile aibu ambayo mpaka hapo ilikuwa ya kuchekesha ikaacha kuchekesha. Nikasikia mdomo wangu, uleule, unasema, "Kesho ni zamu yetu. Achukue yeye."

"Zamu ya nani?" Ilikuwa sauti ya mama yangu, amefika na debe la unga kichwani, ameshasimuliwa yote njiani na watu watatu tofauti. Nilitamani ndiva ijae nijitose. Akaniangalia, akamwangalia Mama Naetwe pale, akashusha debe.

"Chukua, Mama Naetwe. Mboga zetu zitanyweshwa kwa ndoo." Akanionyesha kwa kidevu. "Na ndoo zina mwenyewe."

Mzee Eliewaha akaona watu wako na majembe, ndiva ni tupu, tope lina muda halijazolewa, akatangaza kwamba sasa huo ni msaragambo. Tukazoa tope mpaka mchana, na mimi nikapewa heshima ya kusimama katikati, pale linapofika mapajani. Nikiwa humo ndipo nilipokumbuka makande. (Sufuria bado tunayo. Chini yake haitasafishika.)

Usiku ndiva ikajaa vizuri kuliko zamani, kwa sababu ya tope kutoka, na kulipopambazuka nilikuwa shambani kwa Mama Naetwe na jembe, bila kuitwa, nafungua tuta hili, naziba lile, maji yanaingia taratibu kwenye mizizi. Maua mengine yalikuwa yameshaanguka, siwezi kudanganya, nilikuwa nayaona chini na nayakwepa kwa miguu. Lakini mengi yalikuwa bado yameshikilia. Nikaapa moyoni, kiapo cha safari hii hakina babu wa kukisimamia lakini nakishika: sitapuliza kitu tena, hata mshumaa wa keki, na bibi yangu kwenye katuni nimemchora kwa nyuma, mashavu mtayawaza wenyewe.

Mama Naetwe alikuwa amekaa kwenye ukingo wa mfereji na simu ya binti yake, anasoma. Kumbe katuni yote ilishasambaa kijijini usiku ule, kutoka simu hii kwenda ile. Alisoma mpaka mwisho, polepole, anarudi nyuma, anaenda mbele, na mimi naogopa hata kumeza mate, kwa sababu alikuwa msomaji wangu wa kwanza ambaye hakucheka hovyo. Halafu akazima simu, akaniangalia nilivyosimama kwenye matope yake, akasema:

"Nakunda, watu wako wanaruka, wanaongea na mashine, wana uchawi, na sijaona hata mmoja anayelima. Sasa hao wajinga wanakula nini?"