Kanga Aliyekatwa Mabawa Yote Mawili

Mwezi uliopita nilisafiri kwa ndege kutoka Dar kwenda Mwanza, nikaketi dirishani, nyuma kidogo ya bawa. Mjomba alinikatia tiketi ili niwahi kijijini Dutwa kabla hawajabomoa jiko la marehemu bibi. Tulipokaribia kutua, vibao vya nyuma ya bawa vilitoka taratibu, vikainama kuupindisha upepo chini ili ndege ielee hata ikipunguza mwendo. Nikanyoosha shingo kuangalia kama vya upande wa pili navyo vimeshuka. Vikishuka upande mmoja tu, ndege hupinduka. Najua kuna mtambo wa kuzuia jambo hilo, nimeshaujibia mtihani. Bado niliangalia. Ndivyo nilivyo, rafiki yangu, na tangu nimalize chuo cha uhandisi wa ndege, maombi yangu ya kazi yakiishia kimya, nimezidi.

Somo hilo la mabawa nililianza zamani, uani kwa bibi, kukiwa na harufu ya viazi vitamu vikichemka na moshi wa mabua ya pamba. Bibi alifuga kanga wawili, dume na jike. Mwewe akipita, walipiga kelele hadi vifaranga wote wa kuku wakajificha. Ili wasitoroke, bibi aliwapunguza manyoya ya bawa la kulia tu. La kushoto hakuligusa.

"Akipungua upande mmoja, akiruka anapinda, anaanguka hapohapo," alisema. Yale manyoya aliyachomeka kwenye nyasi za paa la jiko. "Siku akipotea, ajue pa kurudia."

Asubuhi moja alikwenda kuchuma pamba, akaniachia mkasi nimkate dume, kwani manyoya yalikuwa yameota tena. Nilimbana mapajani, nikakata kulia. Kisha nikamtazama. Alionekana ameonewa. Nikawaza, nikawaza tena, mwisho nikakata na kushoto, sawasawa, ili nimtendee haki. Ya kushoto niliyafukia chini ya lundo la mabua.

Siku ya pili kivuli cha mwewe kilipita. Dume akakimbia, akapiga mabawa yake mafupi yaliyolingana, akainuka. Hakupinda. Alivuka ua wa minyaa kwa shida, akapita juu ya shamba la pamba, akaishia vichakani.

"Ulikata bawa moja?" bibi aliuliza.

"Moja, bibi."

Alinitazama, akautazama ua. "Basi alikuwa na haraka."

Jike aliita msimu mzima, asubuhi na jioni. Nilipanga kukiri Jumapili baada ya ibada, kisha likizo, kisha nikimaliza chuo. Chuoni nilijifunza kwamba rubani akitaka kulaza ndege upande mmoja, kibao cha ncha ya bawa hili hupanda na cha lile hushuka. Zile pande mbili zikilingana, ndege huenda moja kwa moja. Darasa zima liliandika. Mimi niliona ua wa minyaa.

Bibi alifariki kabla sijakiri.

Nilipofika Dutwa, jirani yake wa miaka yote alikuwa amekaa juu ya kinu kilichopinduliwa, akisimamia kazi.

"Mwangaluka, mhandisi!" alinisalimu kwa Kisukuma. "Umesomea ndege za watu weupe, na kanga mmoja alikushinda!"

"Mwangaluka, mama. Alinishtaki kwako?"

"Nani, bibi yako? Thubutu. Nilimwona kanga mwenyewe akipita juu ya pamba yangu."

Vijana walivuta nyasi za paa, masizi yakamwagika. Kikaanguka kifurushi cheusi cha manyoya kilichofungwa kwa uzi wa pamba. Nilikipuliza, madoadoa meupe yakajitokeza. Unyoya wa bawa una upande mwembamba, ule unaokutana na upepo kwanza, na kwa huo unaweza kujua umetoka bawa gani. Niliyapanga kiganjani moja moja. Manne yalikuwa ya kulia.

Manne mengine yalikuwa ya kushoto. Katikati ya nyuzi zake bado kulikuwa na vumbi la mabua.

"Ni nini hicho?" jirani aliuliza.

Nilikuwa namwona bibi ameinama kwenye lile lundo, akiokota niliyoyafukia, kisha akiyachomeka yote pamoja ili kanga akirudi ayakute yamekamilika. Siku hizi mwewe akipita, pale uani hakuna anayepiga kelele.