Furu wa Kwenye Chupa

Mwanangu, hujazaliwa bado, na mimi mwenyewe niko kidato cha tatu. Lakini nakuandikia leo, maana nikingoja mpaka niwe mzee hasira hii itakuwa imepoa, nami sitaki ipoe. Siku ninayokusimulia naikumbuka vizuri sana. Ni jana tu, Jumapili.

Dada yangu Kabula anasoma shahada ya pili Dar es Salaam, anasomea samaki. Amepata nafasi ya kwenda Ulaya kufanya utafiti, mwezi wa sita mpaka wa nane, nauli wanalipa wao. Anakwenda kuchunguza furu, wale samaki wadogo wa ziwa letu waliomalizwa na sangara. Huku hawaonekani tena. Kule wamehifadhiwa kwenye chupa za spiriti. Jibu lilitakiwa kutumwa kabla Jumatatu haijaisha. Akapanda treni kuja nyumbani Kirumba kuomba ruhusa.

Baba akamwambia, muulize baba yako mkubwa. Baba mkubwa, anayekaa Usagara, akasema hilo ni la baba yako. Mama akasema wakikubali wao, mimi nani? Mwanangu, hakuna aliyesema hapana. Hapana ningeivumilia. Kila mtu alitabasamu, "tutaangalia", huku siku zinakwisha.

Jana baada ya ibada wakakaa kikao. Mimi nilikuwa nagawa chai. Mbele za watu sauti hainitoki, hata darasani najibu chini chini mpaka wananicheka.

"Furu!" baba mkubwa akaangua kicheko. "Si wale tuliokuwa tunawarushia bata? Tena wamekufa, wako kwenye chupa! Sasa huo ni utafiti, au unakwenda matangani?"

Wakacheka wote. Dada akawa anaangalia kikombe chake.

"Suala ni zito," akaendelea. "Mtoto wa kike, ugenini, peke yake. Tutalikalia Jumapili ijayo."

Jumapili ijayo! Na alijua kabisa mwisho ni Jumatatu. Nikatoka na sinia uani, nikaosha vikombe kwa nguvu mpaka kimoja kikakatika mkono. Ndege zinazobeba minofu ya sangara zinapita juu ya bati letu, sisi tunabaki na mapanki, vichwa na mifupa. Samaki anakwenda Ulaya bila kikao. Dada yangu ndiye wa kukaliwa kikao?

Dirishani nikamsikia bibi, mama yake baba, aliyekuja kutoka Bujora kwa ajili ya kikao hicho. Nilidhani atawagombeza wao. Akamgombeza dada.

"Wewe Kabula, unaomba nini? Huyu baba yako alipokwenda Geita kuchimba dhahabu aliniitia kikao? Alisimama mlangoni na begi, akasema mama, nakwenda. Nilikasirika, nikalia, nikambariki. Unataka kwenda, hutaki?"

"Nataka, bibi."

"Basi usiombe. Tuage."

Nikachungulia, nikamwona dada akipiga goti mbele ya baba mkubwa. "Shikamoo baba mkubwa. Naaga, kesho napeleka jibu."

Baba mkubwa akakohoa, akaangalia dari. Lakini shikamoo haikataliwi, mwanangu. "Marahaba," akasema, kama anatema mwiba.

Baba, anayefanya kazi chumba cha barafu katika kiwanda cha samaki, akauliza tu, "Baridi ya huko ni kama ya kwetu kazini?"

"Miezi hiyo kwao ni joto, baba."

"Chukua koti langu hata hivyo."

Asubuhi hii dada amepeleka jibu posta. Mimi bado nina hasira, hata na baba. Koti alikuwa nalo siku zote, neno moja tu, "nenda", ndilo lililomshinda?

Kwa hiyo nisikilize. Jambo la maisha yako usizunguke nalo kwa watu ukiuliza kama unaruhusiwa kulitaka. Amua kwanza, kisha njoo uage kwa heshima, goti chini. Na ukinikuta mimi nimekuwa mtu mzima, natabasamu na kusema tutaangalia, nisomee maneno haya kwa sauti.

Mungu akupe sauti kubwa kuliko yangu. Njia yako iwe nyeupe, na siku utakaposimama mlangoni na begi, asikosekane wa kukuitikia marahaba kwa moyo wote.