Nilivyojifanya Mwenyekiti

Mjukuu wangu Kabula anatengeneza tovuti, hana bosi. Siku hizi wanunuzi wa pamba wamejaa hapa Bariadi, kampuni moja ikataka kumpa kazi, ila kwanza ajieleze kwa wakubwa. Wanangu, mtoto aliogopa! Wiki nzima nikawa namfanyia mazoezi: navaa kofia ya marehemu babu yake, nakuwa mwenyekiti, namkaripia mpaka azoee.

Jumatatu natoka shambani, namsikia anaongea. Nikavaa kofia mbio, nikasimama nyuma yake.

"We Kabula! Ongeza sauti! Mwenyekiti hajaelewa kitu, kazi hupati!"

Kabula akaninyooshea kidole kwenye kompyuta. Kumbe siku yenyewe ndiyo hiyo, wakubwa wamejaa kwenye kompyuta, wananitazama! Mzee mmoja akakohoa, akanisalimia Kisukuma.

"Mwadila, mama. Mwenyekiti ni mimi."